Sura ya Sita: Pakiti za Bluu

Hati ya mashtaka ilikwisha kuchapwa, ikabaki sahihi ya Inspekta tu. Lakini asubuhi ile ya Jumatatu aliiacha mezani kwake, akachukua mkoba na kurudi maabara kwa mara ya tatu.

Profesa alimpokea mlangoni. Alikuwa na koti jeupe, kalamu tatu mfukoni, na uso wa mtu aliyechoka kuulizwa maswali yaleyale.

"Afande, nilidhani tumemaliza. Ijumaa bodi inakaa. Wameshasema wazi: mwizi apatikane na mali irudi, ama mradi unafungwa."

"Mwizi anaweza kupatikana na mali isirudi," Inspekta alimjibu huku akimpita. "Nieleze tena, mwanzo mpaka mwisho. Nieleze kama mtu aliyekimbia somo la sayansi."

"Ulikimbia?"

"Nilifukuzwa. Endelea."

Profesa alicheka bila kupenda, wakaketi. Alieleza vizuri, maana kazi yenyewe aliipenda. Kwenye mizizi ya maharage huishi bakteria wanaochukua naitrojeni hewani na kuulisha mmea. Mkulima akizipaka mbegu zake bakteria hao kabla ya kupanda, anavuna zaidi na mbolea ya dukani haihitaji sana. Ubaya wao ni mmoja: wanadeka. Wakikauka wanakufa, wakipigwa na joto wanakufa. Pakiti ikitoka kiwandani ikae wiki tatu kwenye duka lisilo na friji, mkulima anazipaka mbegu zake vumbi la maiti.

"Sasa kuna kimmea kinaota juu ya majabali," Profesa alisema, na mikono yake ikaanza kuongea pamoja naye. "Wakati wa kiangazi kinakauka mpaka ukikishika kinasagika vidoleni. Unaapa kimekufa. Mvua ikinyesha, kesho yake ni kijani kitupu. Kina jeni zinazotengeneza protini za kukilinda. Maji yakiondoka, protini zile zinashika vitu vya ndani ya seli visivurugike. Sisi tulichukua jeni mbili za mmea ule, tukawapa bakteria wetu. Miaka sita, Afande. Tuliwakausha hapa wakawa unga, tukawatia maji, wakaamka."

"Kisha mkawapeleka shambani."

"Shamba la majaribio, ndani ya uzio, kwa kibali. Pakiti nyeupe zina bakteria wenye jeni. Za bluu zina wale wa kawaida, wa kulinganishia. Baada ya miezi miwili ghalani tukafungua nyeupe. Wamekufa wote. Tukapima vinasaba: hawana jeni yetu. Tukarudi kwenye friza, tukapima vichupa vyenye lebo nyeupe ambavyo ndivyo mbegu ya pakiti zile. Humo bakteria wazima, lakini ni wa kawaida. Kwa hiyo kuna mtu aliwatoa wetu, akaweka wa kawaida mahali pao. Na mashine ya kadi inasema ni mtu mmoja tu aliyeingia chumba cha friza siku isiyo ya kazi, Jumamosi moja kabla hatujatengeneza pakiti."

"Mtafiti wako."

"Na mezani kwake tumekuta barua ya kampuni ya mbegu, wanamwita kazini. Unataka nini zaidi?"

"Nataka kuiona friza."

Chumba cha friza kilikuwa mwisho wa korido. Aliyewafungulia ni fundi wa maabara, mwanamume mrefu mwenye mvi ambaye jengo zima, Profesa mwenyewe akiwemo, lilimwita Mjomba. Aliwapa glavu nene, akafungua mlango wa friza, na moshi wa baridi ukawamwagikia miguuni. Akatoa trei moja.

Ilikuwa na vichupa ishirini na vinne, safu mbili za kumi na viwili. Kushoto lebo nyeupe, kulia lebo za mstari wa bluu. Inspekta aliinama, akasoma tarehe. Kichupa cha kwanza kiliwekwa Februari, cha mwisho Mei.

"Nani anaandika lebo?"

"Anayeweka kichupa ndiye anayeandika," Mjomba alisema. "Mara Profesa, mara Mtafiti, mara mimi."

Inspekta alitoa miwani yake mkobani, akasoma tena pole pole. Lebo ya kwanza ilikuwa na wino mweusi tii. Ya sita ilikuwa imepauka kidogo. Kuanzia ya kumi na nane wino ulikuwa ukikwaruza, na ya mwisho ilibidi aielekeze kwenye taa ndipo aione. Kila tarakimu ya saba ilikuwa na kistari katikati.

"Mlango, Afande," Mjomba alisema. "Joto linaingia. Mpira wa friza hii umechakaa siku nyingi."

"Samahani. Funga."

Wakati Mjomba anafunga, Inspekta alitazama daftari la joto lililoning'inia kwenye msumari ukutani. Kila asubuhi mtu aliandika saa na nyuzi joto. Saba zake zilikuwa na kistari katikati. Alilipiga picha daftari kurasa tano, akapiga na trei, akaaga.

Nje, Profesa alimfuata hadi kwenye gari. "Umeona nini?"

"Nimeona watu watatu wanaandika kwa mkono mmoja, na miezi minne inayoandikwa kwa kalamu moja iliyokuwa inakata roho. Usimwambie mtu."

Mtafiti alikuwa kwa dada yake, maana tangu asimamishwe kazi hakutaka kukaa peke yake. Aliyefungua mlango ni huyo dada, kijiko cha mbao mkononi.

"Mmekuja kumchukua?"

"Nimekuja kumuuliza maswali manne."

"Moja likizidi natoka na hiki," dada alisema na kumwonyesha kijiko, kisha akasogea pembeni.

Mtafiti alikuwa uani akianika nguo za wapwa wake. Alikuwa msichana mwembamba wa miaka thelathini hivi, macho yamemvimba. Hakuacha kuanika.

"Jumamosi ile ulifuata nini maabara?"

"Daftari langu. Nilikuwa naandika ripoti nyumbani. Nimeshasema."

"Lilikuwa chumba cha friza?"

"Nililisahau juu ya friza Ijumaa mchana."

"Ulimkuta mtu?"

Mkono wa Mtafiti ulisimama kwenye kamba. "Mjomba. Nilifungua kwa kadi, nikamkuta anapiga deki. Sakafu ilikuwa imelowa, akaniambia nisiingie nitateleza. Akanipa daftari langu mlangoni."

"Hilo halimo kwenye maelezo yako."

"Hamkuniuliza nilimkuta nani. Mliniuliza nimewauzia akina nani."

Inspekta aliandika sentensi hiyo neno kwa neno. Kisha akauliza swali la nne. "Barua ya kampuni?"

"Itazame tarehe yake. Waliniandikia wiki mbili zilizopita, baada ya kusikia majaribio yetu yamefeli. Niliwajibu siku hiyohiyo kwamba sitaki." Alichomoa simu mfukoni, akatafuta, akampa. "Soma. Kama ningekuwa nimewaibia, wangenihitaji kwa nini tena?"

Jibu lilikuwepo, pamoja na tarehe na saa. Inspekta alirudisha simu. Akiwa anatoka, dada alimsindikiza hadi barabarani bila kijiko.

Getini kwa maabara, mlinzi alikuwa mama mnene asiyependa porojo. Alipoombwa daftari la zamu la wikiendi ile, alilitoa chini ya kiti, akalamba kidole, akafungua ukurasa bila kukosea. Maneno yalikuwa machache kama mwenyewe: *Ijumaa saa 10 jioni umeme umekatika. Jenereta imegoma. Nimepiga simu ya fundi wa maabara mara nne, haipokelewi. Jumamosi saa 1.30 asubuhi fundi ameingia. Saa 3 umeme umerudi. Saa 4 kasorobo yule dada mtafiti ameingia, ametoka baada ya dakika tano.*

"Polisi wamewahi kuliona daftari hili?"

"Polisi waliuliza kama nimeona mtu katoka na boksi," mlinzi alisema. "Sikuona. Wakaondoka."

Inspekta aliweka picha ya daftari la joto kando ya ukurasa ule. Jumamosi, saa mbili asubuhi, nyuzi hasi themanini, kama siku zote. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni ya jana yake, na bado saa nzima urudi. Mashine ya kadi nayo inatumia umeme. Aliyeingia chumba cha friza saa mbili hakuingia kwa kadi.

Alimkuta Mjomba kwenye chumba cha kuoshea vyombo vya kioo, anasuuza chupa moja ambayo ilishatakata. Inspekta alivuta stuli, akakaa.

"Ufunguo wa dharura wa chumba cha friza anao nani?"

"Ninao mimi."

"Jumamosi ile friza ilikuwa nyuzi ngapi?"

"Imeandikwa kwenye daftari."

"Nimeliona daftari. Nakuuliza friza."

Chupa iliteleza mikononi mwa Mjomba, lakini aliidaka. Aliiweka chini taratibu, akafunga bomba, na maji yalipokoma kulia ndipo aliposema.

"Ilikuwa juu ya sifuri, Afande. Barafu yote ilikuwa sakafuni. Umeme ukikatika, kazi yangu ni kuja kuhamishia vichupa jengo la pili. Ijumaa ile mke wangu alizidiwa, nikamkimbiza hospitali, simu nikaisahau mezani nyumbani. Nilipofika asubuhi lebo zilikuwa zimebanduka zote, zinaelea kwenye maji kama makaratasi ya peremende. Lebo zile nzuri za friza zilikuwa zimetuishia, tulikuwa tunatumia za kawaida. Nikaandika upya zote. Trei ile naijua, kila kichupa najua kilipokaa."

"Kwa nini hukusema?"

"Imebaki miezi minne nistaafu. Na nilishapewa onyo moja. Nikajua nikisema, unga umemwagika."

"Na yule binti? Wiki ya pili hii anaitwa mwizi."

Mjomba alifuta mikono kwenye aproni, akarudia tena ingawa ilishakauka. "Yule nilimfundisha mimi kushika kichupa. Siku ya kwanza alivunja vitatu, nikamfichia. Kila nikiamka nasema leo nitakwenda kwa Profesa. Niliwaua, Afande. Kazi ya watu ya miaka sita. Wale wa jeni waliyeyuka, wakafa, basi."

Inspekta alitikisa kichwa. "Hapo ndipo hesabu inanikataa. Profesa anasema vichupa vya nyeupe vina bakteria wazima, ila ni wa kawaida. Kuyeyuka kunaweza kumuua mtu, Mjomba. Hakuwezi kumgeuza awe jirani yake. Una trei tupu hapa?"

Alikuwa nayo.

"Nionyeshe ulivyofanya. Hatua kwa hatua, usiruke kitu."

Walikwenda chumba cha friza. Mjomba alishika trei tupu kama kwamba ndiyo anaitoa ndani. "Niliitoa hivi. Wenye jeni kushoto kwangu, wa kawaida kulia. Nikaiweka mezani hapa."

"Kisha?"

"Sakafu ilikuwa na maji upande huu. Nikazunguka." Alizunguka meza, akavuta stuli iliyokuwa ng'ambo, akakaa. "Nikaanza kuandika. Kushoto nyeupe, moja mpaka kumi na..."

Aliitazama trei, akatazama mahali aliposimama mwanzo, akaitazama tena trei. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeelea juu ya safu ambayo, kutoka upande wa pili wa meza, ilikuwa ya kulia.

"Mungu wangu," alisema.

"Nenda kamwite Profesa."

Profesa alikuja, akasikiliza yote amesimama. Alifungua mdomo kumkaripia Mjomba, lakini Inspekta alimwahi.

"Hayo yana siku yake. Sasa nijibu kitu kimoja. Nyeupe mlizipima. Za bluu je?"

"Za bluu?" Profesa alimshangaa. "Bluu ni wale wa kawaida. Tunajua hawana jeni. Tunajua miezi miwili kwenye joto wanakufa. Nani anapoteza siku kumpima..." Alishika ukingo wa meza.

"Hakuna aliyezipima," Inspekta alisema.

Mjomba ndiye aliyeingiza vichupa vya bluu kwenye mashine ya vinasaba, Profesa akisimamia, na saa tatu zilipita wote watatu wakiwa wamekaa kwenye stuli kama watu wanaosubiri habari wodini. Majibu yalipotokea kwenye kioo, Profesa aliyasoma mara mbili. Vichupa kumi na viwili vya bluu, vyote kumi na viwili, vilikuwa na jeni za kimmea cha majabalini.

"Hawakuibiwa," alisema. "Hawakutoka hata kwenye trei."

"Kwa hiyo hakuna wizi," Inspekta alisema. "Lakini bodi yako haitaki kujua tu kama wamo. Inataka kujua kama wanaweza kuishi nje. Pakiti za bluu ziko wapi?"

Kesho yake walikuwa shamba la majaribio kabla jua halijakaza. Msimamizi wake, mwanamke waliyemwita Mama Shamba, aliwapokea na buti za mpira na maswali kibao.

"Nyeupe niliziweka kwenye kile chumba cha kivuli cha ghala, kama mlivyoniandikia. Za bluu nazo zilikuwa humohumo wiki ya kwanza. Kisha mbolea ikaja, nafasi ikawa ndogo. Nikawapigia simu pale kwenu nikauliza, nikaambiwa hizo za bluu ni za kufa tu, weka popote. Basi nikaziweka popote."

"Popote wapi?" Profesa aliuliza.

Mama Shamba alifungua kufuli la ghala, akanyoosha kidole juu. Kwenye rafu chini kabisa ya paa la bati, hewa ikiwa nzito kama ya tanuri, palikuwa na katoni. Inspekta alipanda ngazi mwenyewe. Kipimajoto alichopewa kilisoma nyuzi thelathini na tisa, na asubuhi ilikuwa bado changa. Pakiti ilikuwa ya moto mkononi.

"Wiki saba hapa?" aliuliza kutoka juu.

"Wiki saba. Mchana huko juu hata mimi siendi." Mama Shamba aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Nimeharibu?"

"Bado hatujui," Profesa alisema, na kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze hakuonekana mtu mwenye haraka.

Inspekta alizitia pakiti kumi za bluu kwenye mifuko ya ushahidi, akaziba, akaandika namba, kisha akachukua na nyeupe kumi. Maabara, alisimama pale pale wakati unga unatiwa maji na kupakwa kwenye visahani vyenye chakula cha bakteria. Kila kisahani alikiwekea sahihi yake mgongoni. Vikaingizwa kwenye kabati la joto la kuoteshea bakteria, akalifunga, ufunguo akautia mfukoni. Bakteria wa maharage hawana papara, walimwambia. Ni siku tatu.

Siku hizo tatu aliandika ripoti. Alimwita Mtafiti kituoni Alhamisi, akamsomea yote, pamoja na sehemu ya Mjomba. Msichana yule alisikiliza akiwa ameziba mdomo kwa viganja. Mwisho aliuliza jambo moja tu: "Mke wake anaendeleaje?"

"Ameshatoka hospitali."

"Na kule juu, chini ya bati, ni wiki saba kweli?"

"Wiki saba."

"Afande, naomba niwepo wakati unafungua kabati."

Ijumaa saa mbili asubuhi walikuwa wanne: Inspekta, Profesa, Mtafiti, na dada yake Mtafiti aliyekataa katakata kubaki nyumbani. Inspekta alifungua kabati. Visahani vya pakiti nyeupe vilitoka kwanza. Vilikuwa vitupu, vimetakata kama vimeoshwa. Profesa aliviweka upande.

Kisha vikatoka vya bluu.

Dada ndiye aliyesema kwanza. "Hivi vidoti ndivyo vyenyewe?"

Vilikuwa vidoti vya rangi ya maziwa, vya mviringo, vinang'aa kidogo, vimetapakaa kisahani kizima. Cha pili vilevile. Cha tatu, vilevile. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaketi. Alimgeukia Mtafiti.

"Mwanangu," alisema, "nilikuita mwizi mbele ya watu. Leo nitakwenda mbele ya watu walewale."

Mtafiti aliitikia kwa kichwa, machozi yanamtiririka wala hayafuti, huku kisahani cha kwanza ameshakiinua kwenye mwanga. "Nenda, Profesa. Lakini huwezi kwenda bila namba. Bodi inakaa saa tano. Kuna visahani kumi hapa, na vingi vinazidi vidoti mia."

Inspekta alitoka koridoni kupiga simu kituoni, kesi ifungwe. Alimkuta Mjomba amesimama karibu na mlango, shati lake la heshima limepigwa pasi, bahasha mkononi. Hakuhitaji kuuliza ndani yake kuna nini.

"Wameishi," Inspekta alimwambia.

Mjomba alifumba macho. "Basi naweza kumpa Profesa barua yangu ya kuacha kazi na roho nyeupe."

Mlango ulifunguliwa kabla hajausukuma. Mtafiti alisimama kizingitini, glavu mkono mmoja, wa pili mtupu. Walitazamana.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mimi..."

"Najua. Afande alinisomea. Nimekukasirikia sana. Bado. Tutaongea, siyo leo. Leo macho yangu yamevimba, nahesabu nakosea, na hapa hakuna anayehesabu kuliko wewe."

Alimtupia jozi ya glavu. Mjomba aliidaka, bahasha ikaanguka sakafuni, na hakuna aliyeinama kuiokota.

Inspekta alibaki mlangoni na simu sikioni. Ndani, Mjomba alikuwa ameinamia kisahani, ncha ya kidole ikitembea juu ya kioo, midomo ikihesabu. Arobaini, arobaini na moja, arobaini na mbili. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, kidole kikapotea njia.

"Nimepotea," alisema.

Mtafiti alivuta stuli, akakaa kando yake, upande uleule wa meza.

"Anza upya, Mjomba. Nahesabu na wewe."